Slaidi za zamani: namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta kabla ukungu haujazila

Slaidi ni kipande cha filamu chenye milimita 36 kwa 24, kilichobanwa katikati ya fremu ya karatasi ngumu, plastiki au vioo viwili yenye sentimita 5 kila upande. Tofauti na negativu, slaidi inaonyesha rangi kama zilivyo: iinue dirishani tu, utaona picha. Mapadre na masista wa misheni, madaktari, walimu, mabwana shamba na wahandisi waliofanya kazi kusini mwa Tanzania walizipiga sana kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, na maboksi yake bado yapo kabatini katika parokia, shule na nyumba za watu, kutoka Mikindani hadi Newala, kutoka Kilwa hadi Nachingwea. Humo unaweza kukuta bandari ya Mtwara ilivyokuwa, reli iliyokwenda Nachingwea ambayo leo haipo, vijiji vya ujamaa vikianza, na sura za wazee ambao jamaa zao hawana picha yao nyingine yoyote.

Kazi hii haihitaji studio. Inahitaji kamera moja inayobadilishwa lenzi, taa nzuri, subira, na kuelewa kwamba huku pwani adui wa kwanza wa slaidi ni unyevu.

Majira ya kufanyia kazi

Tabaka lenye picha kwenye filamu ni jelatini, na jelatini ni chakula cha ukungu. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu unaota, na kuanzia Desemba hadi Aprili pwani yetu inapita kiwango hicho siku nyingi. Panga kazi kati ya Juni na Oktoba, kipupwe na kusi vinapoikausha hewa. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali ukiweke chumbani. Usikisie kwa ngozi yako.

Hata kipupwe, usianze na boksi lililotoka stoo leo. Karatasi za fremu na maboksi zimenyonya maji kwa miaka. Chukua ndoo au kontena la plastiki la lita 20 lenye mfuniko unaobana, weka slaidi zikiwa wazi ndani ya trei zake, pamoja na nusu kilo ya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) kwenye mfuko wa kitambaa, kisha funga kwa wiki moja hadi mbili. Kipima unyevu kikae humo humo. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 50, slaidi ziko tayari. Usiziache zikauke hadi chini ya 30, kwa sababu filamu inakakamaa na kujikunja. Usizianike juani wala juu ya jiko. Mchele, ambao watu hupenda kuutumia kwa simu iliyoingia maji, hauna nguvu ya kutosha na unaacha vumbi la wanga ambalo nalo ni chakula cha ukungu.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni kiyoyozi. Slaidi iliyolala kwenye chumba cha baridi ikitolewa nje kwenye joto la Lindi, maji yanatanda juu yake papo hapo, kama kwenye chupa ya soda. Kabla ya kuitoa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache mfuko huo ufungwe hadi upoteze ubaridi. Saa moja au mbili zinatosha. Masasi na Nachingwea, ambako kiangazi kina vumbi zaidi kuliko unyevu, funga madirisha na upige deki chumba nusu saa kabla ya kuanza.

Zijue ulizonazo

Zimwage mezani juu ya karatasi nyeupe na uzitenge. Nyingi zitakuwa zimeandikwa jina la filamu kwenye fremu. Kodachrome, iliyotengenezwa kuanzia 1935 hadi 2009, inadumu sana gizani. Utaikuta ya miaka 60 ikiwa na rangi kamili. Udhaifu wake ni taa ya projekta, hivyo zile zilizoonyeshwa mara nyingi ndizo zimepauka. Ektachrome za zamani, hasa zilizosafishwa kabla ya njia ya kusafisha filamu iitwayo E-6 kuanza 1976, hufifia hata zikiwa zimefungwa, na picha inabaki nyekundu nyekundu. Utakuta pia Agfa, na ORWO za Ujerumani Mashariki. Kutenganisha aina hizi si ushabiki wa makampuni: kila aina ina marekebisho yake ya rangi, na Kodachrome ina shida yake kwenye skana, kama utakavyoona.

Fremu nyingi za Kodak zina mhuri wa mwezi na mwaka. Huo ni wakati wa kusafisha filamu maabara, si wa kupiga picha. Filamu iliyopigwa Newala ilisafiri mbali kabla ya kusafishwa, na huenda mpigaji alikaa nayo miezi kadhaa akisubiri imalizike. Kwa hiyo mhuri wa mwaka 1968 unakuhakikishia kwamba picha haikupigwa baada ya 1968, basi.

Si lazima kuhamisha zote. Katika boksi la 36, mara nyingi kuna mawingu tisa na twiga wa mbali sana. Chagua kwanza zenye watu, majengo, kazi na mashamba. Usizitupe zilizobaki, zirudishe kwenye boksi.

Kusafisha

Hapa ndipo slaidi nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Anza na kitu kimoja tu: hewa. Tumia pampu ya mpira ya wapiga picha, au ile ndogo ya duka la dawa ya kunyonyea makamasi ya mtoto, ikiwa mpya na kavu. Ibinye mara 20 hewani kwanza ili itoe poda iliyomo. Shika slaidi kwa pembe za fremu, isimamishe, na upulize pande zote mbili kutoka juu kwenda chini. Usipulize kwa mdomo hata mara moja, kwa kuwa tone la mate likikauka juu ya jelatini linaacha alama ya kudumu. Vumbi lililogoma ling'oe kwa brashi laini sana ambayo haijawahi kuguswa kwa vidole.

Alama za vidole na mafuta ndizo zinazohitaji dawa, na dawa yenyewe ni isopropili ya asilimia 99. Soma lebo. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ni ya asilimia 70, na ile 30 iliyobaki ni maji. Spiriti ya rangi ya jiko haifai kabisa. Lowesha kidogo kitambaa cha maikrofaiba au pamba ya kijiti, pitisha mara moja upande mmoja bila kusugua, kisha tumia sehemu safi ya kitambaa kwa pigo linalofuata. Jaribu kwanza kwenye slaidi isiyo na thamani.

Ukungu unaonekana kama utando wa buibui au matawi madogo yanayotoka kwenye doa moja. Usiuguse na maji. Ukungu unapoila jelatini unaigeuza iyeyuke majini, kwa hiyo slaidi uliyotaka kuiosha itakuachia picha kwenye kidole. Ikaushe kwanza kwenye kontena la silika, futa kwa isopropili, na ukubali kwamba palipoliwa hapatarudi. Patashughulikiwa kwenye kompyuta. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, fanya kazi hiyo kwenye veranda, na slaidi zenye ukungu ziwe na kontena lake mbali na zilizo safi.

Fremu za vioo zina tabu ya peke yake. Unyevu ulioingia hautoki, na kioo kikigusana na filamu huzaa miduara ya rangi kama ya upinde wa mvua ambayo kamera itaiona vizuri kuliko jicho. Fungua fremu hizo kwa uangalifu, toa filamu kwa kuishika kingo, ipulize, na uiweke kwenye fremu mpya ya plastiki isiyo na kioo. Filamu ikiwa imenata kwenye kioo, iache. Ipige hivyo hivyo na vioo vyake.

Kamera au skana?

Skana ya bapa yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson Perfection V600, inachukua slaidi 4 kwa mkupuo na inafaa kama tayari unayo ofisini. Iweke dpi (nukta kwa inchi) 2400, biti 48, utapata picha yenye pikseli kama 3,400 kwa upana, inayotosha kuchapishwa ukubwa wa A4. Tangazo linasema dpi 6400, lakini lenzi yake haifiki huko. Utapata faili kubwa tu lisilo na kitu cha zaidi. Skana za filamu pekee, kama Plustek OpticFilm, zinaona ndani zaidi, ila zinakula slaidi moja moja na kila moja inataka dakika kadhaa.

Skana nyingi zina njia ya kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi. Ni msaada mkubwa kwa Ektachrome, Agfa na Fuji. Kwa Kodachrome izime, kwani rangi zake zinazuia sehemu ya miale hiyo na mashine huona kivuli cha picha ikadhani ni uchafu, ikafuta nyuzi za kofia na nywele za watu. Kwa picha nyeusi na nyeupe zenye fedha ndani yake, izime vilevile.

Simu inafaa kwa kuorodhesha tu: ipige picha trei nzima juu ya mwanga ili ujue kilichomo. Vile visanduku vya bei rahisi vinavyojiita skana ya slaidi tunashauri uviache. Maeneo yenye jua kali yanatoka meupe bila kitu, na jua letu limo katika karibu kila slaidi.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi mwenye slaidi mia na zaidi, njia bora ni kamera. Kamera ya megapikseli 24 inayojazwa na slaidi inatoa pikseli 6,000 kwa upana, sawa na skana ya dpi 4,200 hivi, na inapiga kwa sekunde moja.

Kuunda meza ya kupigia

Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, lenzi ya kawaida ya mm 50 inafanya kazi ikiwekewa pete za kurefusha kati yake na kamera. Hesabu ni rahisi: urefu wa pete gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi ndio ukubwa wa taswira kwenye sensa ukilinganisha na slaidi yenyewe. Kamera yenye sensa ya APS-C, upana wake milimita 22 hadi 24, inahitaji ukubwa wa 0.64 hivi ili slaidi ijae fremu. Kwa lenzi ya mm 50 hizo ni milimita 32, yaani pete ya 12 na ya 20 kwa pamoja. Ukiweka ya 36 peke yake utakata kingo za picha. Kamera ya sensa kubwa inataka milimita 50 kamili. Mbele ya lenzi itabaki kama sentimita 10 tu hadi kwenye slaidi.

Fundi seremala anaweza kukutengenezea stendi kwa nusu siku: ubao mzito wa sentimita 40 kwa 50, nguzo ya mninga yenye sentimita 5 kwa 5 na urefu wa 60, na mkono wa kushikia kamera ikitazama chini. Mwambie mapema kuhusu bolti. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 6 inafanana nayo kwa macho na itaanza kuingia, kisha itakula nyuzi za kamera.

Taa iwe paneli ya LED yenye alama ya CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) ya 95 au zaidi. Hapa usibane pesa. LED za kawaida zina upungufu wa mwanga mwekundu, na ngozi nyeusi ndiyo ya kwanza kuumia: inatoka kijivu au na ukijani ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Juu ya taa weka kipande cha akriliki nyeupe cha milimita 3, kile cha mafundi wa mabango, na slaidi ikae sentimita 3 hadi 5 juu yake ili vumbi la akriliki lisionekane. Kishikizi cha slaidi kikate kwenye plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, dirisha la milimita 40 kwa 28, pamoja na vijiti viwili vya pembe ili kila slaidi itue mahali pale pale. Mwanga unaovuja pembeni uzibe kwa manila nyeusi, maana ukiingia kwenye lenzi unapausha weusi wa picha. Zima taa ya dari na ufunge pazia.

Usawa wa kamera na slaidi usiupime kwa pimamaji peke yake. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa slaidi na uangalie kwenye skrini ya kamera: lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, viko sambamba. Ikijiona pembeni, upande mmoja wa kila slaidi hautatoka mkali, na utagundua ukiwa umeshapiga 200.

Kupiga

Kamera iwe kwenye hali ya mikono: tundu la lenzi f/8, ISO 100, faili za RAW (data ghafi ya kamera). Ukifungua zaidi ya f/5.6 pembe zinalegea; ukibana hadi f/16 picha nzima inalegea kwa sababu mwanga unatawanyika. Kasi itaangukia kati ya 1/8 na 1/60 ya sekunde kutegemea taa. Taa iache kwenye asilimia 100, kwa sababu paneli nyingi zikipunguzwa huwaka na kuzima haraka sana na kuacha mistari. Kasi hiyo haikubali mtikisiko, kwa hiyo tumia kichelewesho cha sekunde 2 au waya, na feni ya dari izimwe pia.

Fokasi ya mkono. Kuza skrini hadi mara 10 na ulenge chembechembe za filamu yenyewe, si uso wa mtu, kwani uso huenda haukuwa mkali tangu awali. Rudia ukibadilisha aina ya fremu: karatasi na plastiki hazina unene mmoja, na hapa kina cha fokasi ni chini ya milimita moja.

Rangi ya mwanga iweke mara moja, bila slaidi, kwa kupiga taa tupu. Usiiache kamera ijichagulie, maana kila slaidi itatoka na rangi yake. Kipimo cha mwanga weka hadi maeneo meupe yakaribie kikomo bila kukigusa. Angalia grafu kwenye skrini. Kodachrome zenye vivuli vizito, kama watu waliokaa chini ya mwembe mchana, zipige mara mbili, ya pili ikiwa na mwanga mara nne zaidi.

Upande unaong'aa wa filamu utazame lenzi, na picha itatoka ilivyo. Upande wenye jelatini ni wa mpauko na ukiuinamisha utaona michoro kama imechongwa. Kwenye fremu za Kodak ndio ulioandikwa kwa Kiingereza kwamba uelekee skrini. Ukikosea, picha inageuka kushoto kuwa kulia. Maandishi ya kibao, mfuko wa shati, usukani wa gari vitakuambia. Bandari iliyogeuzwa inapotosha hata mwenyeji.

Baada ya kila slaidi ya kwanza na ya mwisho ya boksi, piga picha ya fremu yenyewe pande zote mbili na mfuniko wa boksi. Penseli hafifu iliyoandika "Ndanda, hospitali" ina thamani sawa na picha.

Watu wawili, mmoja akisafisha na mwingine akipiga, watamaliza 60 hadi 100 kwa saa. Umeme ukikatika, paneli ya USB inaendelea kwa pawabenki. Kompyuta ya mezani ipite kwenye UPS. Umeme ukienda wakati diski inaandikwa, unaweza kupoteza kazi ya siku nzima.

Rangi, majina na hifadhi

Programu za bure darktable na GIMP zinatosha. Kwa slaidi iliyogeuka nyekundu, usisogeze kitufe kimoja cha joto la rangi. Fungua kidirisha cha viwango na ushughulikie nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake: vuta ncha nyeusi na ncha nyeupe hadi zikutane na mwanzo na mwisho wa kilima cha grafu. Picha nyingi hurudi kwa hatua hiyo pekee. Kisha tazama kitu ambacho rangi yake unaijua, kama shati jeupe, bati jipya au mchanga wa pwani. Acha kabla haijapendeza kupita kiasi. Vumbi jekundu la Masasi lisigeuzwe kahawia kwa sababu programu imeona wekundu umezidi.

Weka faili ghafi za RAW zisizoguswa, na JPEG za kutumia. TIFF ya biti 16 kutoka megapikseli 24 ni MB 144 kila moja, hivyo elfu moja ni GB 144. Zitengeneze kwa zile muhimu tu. RAW elfu moja ni kama GB 30. Majina yawe mafupi na yapangike: NDA-03-017 ni Ndanda, boksi la 3, slaidi ya 17, na namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli kwenye fremu.

Kisha chukua tabuleti uende kwa wazee. Kazi hii isisubiri rangi zikamilike. Uliza jina la mtu, la ukoo, la kijiji kilivyoitwa wakati ule na mahali kilipokuwa, maana vingi vilihamishwa miaka ya 1970. Mwache mzee aikuze picha mwenyewe. Andika anachosema na jina la aliyesema ndani ya faili kwa digiKam, programu ya kupanga picha, si kwenye daftari peke yake. Ukikutana na picha za jando au unyago, zihifadhi, lakini usizipandishe mtandaoni wala kuzituma kwenye makundi ya simu. Wenye mila ndio watakaoamua nani azione.

Nakala ziwe tatu: diski mbili, moja ikae mji au nyumba nyingine, na ya tatu ya JPEG kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi si hifadhi.

Slaidi zenyewe zirudi kwenye kurasa za polipropilini zenye mifuko 20, si za PVC zenye harufu, ambazo hutoa kemikali. Ziingie kwenye kontena linalobana pamoja na silika jeli, ndani ya nyumba, mbali na sakafu na mbali na dari ya bati. Jeli yenye rangi ikigeuka, ikaushe kwenye moto mdogo, nyuzi 120 au chini, saa mbili hadi tatu, kwa sufuria ambayo haitapikiwa tena, kwani ile ya bluu ina kobalti ambayo ni sumu. Iache ipoe ikiwa imefunikwa, irudishe, na usome kipima unyevu kila mwezi wakati wa mvua.